Jirani Akilipuka: Volkano Huathiriana kwa Umbali Gani?

Volkano ya Hayli Gubbi, katika jimbo la Afar kaskazini-mashariki mwa Ethiopia, ililipuka Novemba 23, 2025. Majivu yalipanda hadi kilomita zipatazo 14 angani, yakavuka Bahari ya Shamu, yakapita juu ya Yemen na Oman na kufika mpaka India, ambako mashirika ya ndege yalilazimika kufuta safari. Mombasa hatukupata hata chembe ya majivu hayo. Tulichopata ni uvumi. Kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye mabaraza ya Mji wa Kale ilianza kusemwa kwamba Bonde la Ufa limeamka, kwamba moto unashuka kutoka kaskazini volkano moja baada ya nyingine, na kwamba zamu ya Kilimanjaro imekaribia. Hoja yenyewe ilitiwa muhuri kwa methali ambayo hakuna asiyeijua: mwenzio akinyolewa, zako tia maji.

Naamini uvumi huu umekosea, ila haukukosea pale ambapo wengi wa wanaoukanusha wanadhani. Wakanushaji wanasema kila volkano iko kivyake, ina tanuri lake na saa yake, na mlipuko wa moja hauihusu nyingine. Hilo si kweli. Volkano zilizo jirani huathiriana, na ushahidi wake umekusanywa Afar, Tanzania, Kongo, Hawaii na Alaska. Kosa la uvumi liko mahali pawili. La kwanza ni umbali: athari hizi hupimwa kwa makumi ya kilomita, si kwa maelfu. La pili ni dhana kwamba jirani akilipuka lazima akuchochee nawe, ilhali mara nyingine hukutuliza. Asiyeyatenganisha haya mawili ataogopa mlima usiohusika na kuusahau ule unaohusika, na katika ukanda wetu huo ni usahaulifu wa hatari.

Tuanze na Afar penyewe. Hayli Gubbi haiko peke yake. Imo katika safu ya volkano inayoitwa kwa jina la Erta Ale, na Erta Ale yenyewe, maarufu kwa ziwa lake la zaha, iko umbali usiozidi kilomita 15. Julai 2025 Erta Ale ililipuka. Sehemu ya magma yake, yaani mwamba ulioyeyuka ambao ukitoka juu huitwa zaha, haikutoka. Ilipasua miamba chini kwa chini ikaelekea kusini-mashariki kwa zaidi ya kilomita 30, na njia yake ilipita chini ya Hayli Gubbi. Picha za rada za setilaiti, ambazo hupima kwa sentimita jinsi ardhi ilivyoinuka au kudidimia, ziliufichua mpasuko huo. Miezi minne baadaye Hayli Gubbi ikalipuka, na wafugaji wa Afdera, wilaya ya hapo jirani, wakaamka na malisho yaliyofunikwa majivu, mifugo haina pa kutia kinywa. Kwa hivyo mlipuko uliotangazwa kama ajali isiyo na chanzo ulikuwa na jirani aliyeutangulia. Magazeti yaliandika pia kwamba mlima ulikuwa umelala miaka 12,000, na idadi hiyo ndiyo iliyotisha watu zaidi. Kinachojulikana ni kwamba hakuna mlipuko wake uliowahi kurekodiwa katika kipindi cha kijiolojia kilichoanza kama miaka 12,000 iliyopita. Eneo lile ni jangwa la joto kali, halifikiki kirahisi, na utafiti uliofanywa huko ni mchache. Kukosa rekodi si sawa na kukosa mlipuko.

Sasa, jirani humwathiri jirani vipi? Afar kuna njia ya moja kwa moja, yaani magma ya mmoja kupita chini ya mwenzake. Lakini hata magma isipochanganyika hata tone, kuna mkazo unaosafiri ndani ya ganda la dunia. Chukua ukuni mkavu uupige kabari. Pembeni mwa kabari mbao hubanwa; mbele ya ncha yake nyuzi huanza kuachana kabla chuma hakijazifikia. Magma inayojipenyeza kwenye ufa hufanya vivyo hivyo kwenye mwamba. Volkano iliyo mbele ya ncha hulegezewa miamba yake, nayo magma iliyosubiri chini hupata upenyo. Volkano iliyo ubavuni hubanwa, na nyufa ambazo zingeipitishia magma hufungwa. Mpasuko ni huohuo, siku ni ileile, ila jirani mmoja amesogezwa karibu na mlipuko na mwingine amesogezwa mbali.

Chemba ya magma, yaani hifadhi yake chini ya mlima, nayo ina athari zake. Ikivimba huisukuma miamba inayoizunguka na kumbana jirani. Kubanwa huko kunaweza kuikamua chemba ya jirani na kuongeza shinikizo ndani yake, na papo hapo kunaweza kumzibia njia ya kutokea. Ikishatapika na kunywea, mambo hugeuka kinyume. Kwa sababu hiyo hakuna kanuni moja inayosema mlipuko wa hapa huleta mlipuko wa pale. Lazima ujue nani yuko upande gani wa nani, chemba ziko kina gani, ufa umeelekea wapi, na zaidi ya yote jirani mwenyewe alikuwa katika hali gani. Miamba huhitaji shinikizo la megapaskali kadhaa, yaani mamilioni ya paskali, kipimo cha shinikizo, ili ipasuke. Jirani anayekuongezea sehemu ndogo ya hilo hawezi kukulipua ukiwa mtulivu. Anaweza tu kukusukuma ikiwa tayari ulikuwa ukingoni.

Umbali ndio unaoumaliza uvumi wa Kilimanjaro. Mkazo unaoachwa na volkano hupungua, kwa makadirio ya kawaida, kwa mchemraba wa umbali: umbali ukiwa mara mbili, kinachobaki ni thumuni; ukiwa mara kumi, kinabaki sehemu moja ya elfu. Kutoka Hayli Gubbi hadi Kilimanjaro ni karibu kilomita 1,900. Tujaalie kwamba mahali palipo kilomita 15 kutoka kwenye mlipuko palipata mkazo mkubwa wa kilopaskali 1,000. Kwa hesabu hiyo Kilimanjaro ingepata nusu ya paskali moja. Watafiti wa matetemeko huchukulia kilopaskali 10, yaani paskali 10,000, kuwa kiwango ambacho chini yake ni vigumu kuona athari yoyote. Nasi watu wa pwani tuna kipimo chetu cha kulinganishia. Siku za bamvua, maji ya Kilindini hupanda zaidi ya mita tatu kutoka kupwa hadi kujaa, na kila mita ya maji huilemea sakafu ya bahari kwa takriban kilopaskali 10. Kwa hiyo kila bamvua likijaa, ardhi iliyo chini ya meli zetu huongezewa mzigo wa kilopaskali 30, mara mbili kwa siku. Mwezi unaoivuta bahari huivuta vilevile miamba ya nchi kavu, na Kilimanjaro hunyooshwa na kulegezwa kila siku kwa mkazo unaofikia kilopaskali kadhaa. Mlima uliostahimili hayo kwa maelfu ya miaka hautashtuliwa na nusu ya paskali kutoka Afar.

Iko njia moja ambayo haifungwi sana na kanuni hii, nayo ni mtikiso. Mawimbi ya tetemeko kubwa husafiri mbali na huweza kuitikisa magma iliyoiva. Mei 1960 Chile ilipopigwa na tetemeko la ukubwa wa 9.5, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa duniani, volkano ya Cordón Caulle ililipuka saa 38 baadaye. Huo ni mfano wenye uzito. Lakini matetemeko ya Afar mwaka wa 2025 hayakukaribia hata kidogo nguvu hiyo, na anayeutumia mfano wa Chile kututisha hapa analinganisha vitu visivyolingana.

Mfano ulio karibu nasi zaidi, na ambao Wakenya wengi waliuhisi miguuni bila kujua walichohisi, ni wa mwaka wa 2007. Julai ya mwaka ule ardhi ilianza kutetemeka kaskazini mwa Tanzania, na tarehe 17 likaja tetemeko la ukubwa wa 5.9. Nairobi watu walikimbia kutoka kwenye maghorofa. Chanzo kilikuwa magma iliyoupasua mwamba chini ya Gelai, volkano kuukuu ambayo hakuna aliyekuwa akiiwazia. Magma ile haikufika juu. Lakini kilomita kama 20 kutoka hapo iko Ol Doinyo Lengai, mlima mtakatifu wa Wamasai, na mnamo Septemba 4 ulilipuka kwa kishindo, majivu yakifunika malisho na kuwahamisha wafugaji. Mahesabu ya mkazo yaliyofanywa baadaye yalionyesha kwamba kufunguka kwa ufa wa Gelai kungeweza kuchangia kuuamsha Lengai. Nasema kuchangia kwa makusudi. Lengai ulikuwa tayari na shughuli zake. Gelai haikuumba mlipuko pasipokuwa na kitu. Na yafaa kukumbuka kwamba Kilimanjaro, iliyo zaidi ya kilomita 150 kutoka Lengai, haikufanya lolote mwaka ule. Mlima uliotulia wakati majirani wa kilomita 150 wanatetemeka, kwa nini uamke kwa ajili ya jirani wa kilomita 1,900?

Mashariki mwa Kongo kuna somo jingine ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Nyiragongo na Nyamulagira zimekaribiana kiasi cha kilomita 15 hivi, zote mbili juu ya Goma, mji ambao wenyeji wake husimulia misiba yao kwa Kiswahili kama sisi. Ukichunguza zaha zao, ni tofauti: ya Nyiragongo ina madini ya silika kidogo mno na hutiririka kwa kasi ya kutisha, ya Nyamulagira ni ya namna nyingine. Maana yake ni kwamba hazinywi kutoka chemba moja. Hata hivyo ziko katika ufa mmoja unaoendelea kutanuka. Nyamulagira ililipuka mwanzoni mwa 2001. Januari 17, 2002 Nyiragongo ikapasuka ubavuni na zaha ikaingia katikati ya Goma. Julai mwaka huohuo Nyamulagira ikalipuka tena. Kama kuna mazungumzo kati ya milima hii miwili, basi hupitia kwenye miamba iliyo kati yao. Hawaii ni vivyo hivyo: Mauna Loa na Kilauea zina magma tofauti kwa kemia, ilhali vipimo vya miongo mingi vinaonyesha kwamba mara kadhaa mmoja huchangamka wakati mwenzake amepoa. Na Alaska mwaka wa 1912, mlipuko ulitokea Novarupta lakini kilele kilichoporomoka kilikuwa cha Katmai, kilomita 10 kutoka hapo. Magma ilikuwa imenyonywa kutoka chini ya jirani.

Wenye shaka wana hoja nzuri pia, na si haki kuwapita. Wanasema kila mwaka volkano kati ya 50 na 80 hulipuka duniani, na katika wingi huo lazima baadhi zifuatane na majirani zao kwa bahati tu. Wanasema tunayakumbuka majozi yaliyolipuka pamoja na kuyasahau yaliyokaa kimya. Na mifano wanayo. Eyjafjallajökull ilipolipuka Iceland mwaka wa 2010 na kusimamisha safari za ndege Ulaya, wengi walisubiri jirani yake mkubwa, Katla, kwa sababu huko nyuma milipuko yao iliwahi kufuatana. Katla haijatoa mlipuko mkubwa tangu 1918. Nyumbani Kenya, picha za rada zilionyesha volkano ya Paka ikiinuka kama sentimita 21 kati ya 2006 na 2007, na Longonot sentimita 9 kati ya 2004 na 2006. Ardhi iliinuka, ikatulia, na hakuna kilicholipuka, si kwao wala kwa majirani. Hoja hii inanishawishi kwa kiasi: ukaribu peke yake hautabiri kitu. Lakini haibatilishi athari, kwa sababu mkazo wenyewe hupimwa. Ardhi ilijongea kiasi gani, ufa ulifunguka mita ngapi, ulielekea wapi, haya ni mambo yaliyoonekana Gelai na Afar. Bahati inaweza kueleza tarehe mbili kukaribiana. Haiwezi kueleza magma iliyopita chini ya mlima.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya foleni, kwamba volkano za Bonde la Ufa zimejipanga na moto unashuka kutoka Ethiopia hadi kwetu. Ganda la dunia katika Bonde la Ufa halikuunganishwa kwa bomba moja. Limegawanyika vipandevipande, kila kimoja na nyufa zake na magma yake. Kati ya 2005 na 2010 eneo la Dabbahu, hukohuko Afar, lilipasuliwa na magma mara 14. Mpasuko wa kwanza, Septemba 2005, ulikuwa wa kilomita 60 na ulifunguka hadi mita nane. Ni tukio kubwa kuliko la Hayli Gubbi kwa mbali. Kama foleni ingekuwapo, miaka ile mitano ingetosha kuifikisha Suswa na Longonot nchini Kenya. Haikufika. Lengai ulilipuka ndani ya kipindi hicho, ni kweli, lakini ulikuwa na jirani wa kilomita 20 wa kuueleza, na hakuna haja ya kumtafuta mwingine wa kilomita 1,800.

Mzee mmoja ninayekunywa naye kahawa Mji wa Kale, ambaye binti yake ameolewa Moroni, mji mkuu wa Komoro, aliniuliza swali bora kuliko mengi niliyosoma: "Mwanangu, hii milima husikizana?" Nikamjibu, "Husikizana, mzee wangu, lakini iliyo jirani tu." Akataka kujua kuhusu Karthala, volkano iliyo juu ya nyumba ya binti yake, ambayo mwaka wa 2005 majivu yake yaliharibu maji ya mvua kwenye matangi ya kisiwa hicho cha Ngazidja. Nilimpa mfano wa Mayotte. Kuanzia 2018, chini ya bahari mashariki ya kisiwa hicho, ilizaliwa volkano mpya iliyopewa jina Fani Maoré, na ilimwaga kilomita za ujazo kadhaa za zaha, mojawapo ya milipuko mikubwa ya chini ya bahari iliyowahi kurekodiwa. Karthala iko zaidi ya kilomita 250 kutoka hapo. Ilikaa kimya, mlipuko wake wa mwisho ni wa 2007. Anayeishi Moroni ana sababu ya kuiangalia Karthala kwa ajili ya Karthala yenyewe, si kwa sababu ya Mayotte wala Afar.

Yote haya yanabadili namna tunavyopaswa kuziangalia volkano. Tumezoea kuulinda mlima mmoja mmoja, hasa ule wenye jina. Gelai inatufundisha kwamba onyo la Lengai lilianzia chini ya mlima ambao hakuna aliyeuangalia, na Nyiragongo ya Mei 22, 2021 ililipuka bila onyo la wazi, kisha magma ikajipenyeza chini ya Goma na Ziwa Kivu na mamia ya maelfu wakaamriwa kuhama. Vipima-tetemeko na vituo vya GPS vinapaswa kuwekwa kwa kufuata nyufa, sio vilele. Na nyufa hazijui mipaka: tetemeko lililowatoa Wanairobi maofisini lilikuwa la Tanzania. Data inayokaa upande mmoja wa mpaka wa Namanga ni nusu ya data. Mombasa haiko nje ya jambo hili kama tunavyodhani. Zaidi ya theluthi moja ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, mwingi wake Olkaria, na Olkaria ni jirani wa karibu wa Longonot, ileile iliyoinuka sentimita 9. Barafu ya wavuvi wetu na taa za bandari ziko kwenye waya huo.

Halafu kuna Chyulu, ambayo sikuisikia ikitajwa hata mara moja katika uvumi wote huu. Iko umbali wa kilomita 250 hivi kutoka hapa, karibu kuliko Lengai, karibu kuliko Longonot. Si mlima mmoja bali mamia ya vilima vya volkano, ambavyo kwa kawaida kila kimoja hulipuka mara moja katika uhai wake kisha kingine huzuka pengine. Kwa zaidi ya miaka milioni moja shughuli zake zimekuwa zikisogea kuelekea kusini-mashariki, upande wa Tsavo, na zaha nyeusi ya Shetani, ambayo huko Tsavo Magharibi bado haijaota miti ya maana, ni ya karne ya 19. Mvua inayonyesha juu ya vilima hivyo hupenya kwenye mawe ya volkano, husafiri chini kwa chini, na kuibuka kwenye chemchemi za Mzima ikiwa safi kama kioo. Kutoka Mzima huingia kwenye bomba linaloileta Mombasa. Sisemi Chyulu italipuka kesho. Nasema kwamba kama tunataka kuitumia hofu ya Hayli Gubbi kwa jambo la maana, tuache kuuliza habari za Kilimanjaro na tuiulize serikali kuhusu Chyulu: ni nani anayepima mitetemo yake, kwa vifaa vingapi, na mkazi wa Changamwe hapa Mombasa anaweza kuyasoma wapi matokeo hayo kwa lugha anayoielewa?